Kipimo cha GFR kwa dawa ya mionzi: chumba cha nuklia safi, mapokezi bado sana

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa ajili ya mapokezi, chumba cha nuklia chenyewe ningekipa hata 6 kama ingewezekana. Naandika kwa sababu kabla sijaenda nilitafuta mtu mzima wa afya aliyefanyiwa hiki kipimo cha GFR, yaani figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika, aeleze kwa Kiswahili cha kawaida nikakosa, wengi wanaoelezea mambo ya figo ni wagonjwa tayari, sisi tunaopimwa hatuumwi popote ni kama hatupo. Hospitali sitaji, nia sio kumchafua mtu.

Stori kwa kifupi: kaka yangu mkubwa figo zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, ukoo ukakaa kikao, magrupu ya damu yakaangaliwa, likabaki jina langu. Sasa ukitaka kutoa figo hawakuchukui tu kwa sababu una huruma, lazima wajue hizo mbili ulizonazo zinachuja kiasi gani maana utabaki na moja, na hiyo moja inajitutumua kweli, inakua na kufanya kazi zaidi ndani ya miezi, lakini kwa kawaida unaishia kwenye kama asilimia 65 hadi 70 ya uchujaji uliokuwa nao mwanzo. Mwongozo wa 2017 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, kuhusu wachangiaji walio hai unasema uchujaji, ndo hiyo GFR, ukiwa 90 kwenda juu haina neno, chini ya 60 hutoi, hapo katikati daktari anaangalia mtu na mtu.

Mi nikaangukia katikati. Kreatinini, ile taka ya msuli inayopimwa kwenye damu, ikaja 110 (maikromoli kwa lita), kompyuta ya maabara ikatoa GFR 77. Nikaenda maabara nyingine wiki hiyohiyo, kreatinini ikaja 110 vilevile, GFR ikaandikwa 86. Damu ya mtu yuleyule, kreatinini ileile, figo zilezile, majibu mawili! Bro alivyosikia 77 akaniambia "dogo acha, tutafute njia nyingine", mama ndo kabisa akaanza kuniangalia kama na mimi mgonjwa.

Hapa ndo kuna kitu nataka kila anayesoma akishike. Hizo namba za kwenye karatasi za maabara hazijapimwa, zimekadiriwa. Kinachopimwa ni kreatinini peke yake, alafu kompyuta inachukua umri wako na jinsia yako inapiga hesabu. Maabara ya kwanza inatumia kanuni ya CKD-EPI ya 2021, ile ya pili bado iko na ya 2009 ambayo ukitiki mweusi inazidisha jibu mara 1.159, kisa kwenye tafiti za Marekani weusi wa kule walionekana wana kreatinini ya juu kwa uchujaji uleule. Sasa hiyo ilikuja kutumika kwetu huku bila mtu kuuliza kama inatufaa. Waliokuja kuuliza ni wachache, kuna watafiti walipima watu Kinshasa na Abidjan, na wengine wakapima Uganda, Malawi na Afrika Kusini majibu yakatoka 2022, wote wamekuta hicho kizidisho hakina kazi kwa Waafrika, na hao wa 2022 wakaona zaidi ya hapo kwamba kreatinini kwa watu wetu wengi inafanya figo zionekane nzima kuliko zilivyo, maana kreatinini inatoka kwenye msuli na mtu mwembamba asiyekula vizuri anayo kidogo tu hata figo zikiwa zimechoka.

Mi imenidanganya kinyume chake. Nina miaka 36, sentimita 178, kilo 84, nanyanyua vyuma tangu niko chuo, na siku moja kabla ya ile damu ya kwanza tulikuwa na nyama choma ya harusi, hiyo ya pili pia ilinikuta bado nakunywa ule unga wa kriatini wanaouza jimu. Dokta wa figo aliponiona tu naingia mlangoni, kabla hata sijakaa, akasema "kaka, hii 77 siiamini, nenda kapimwe kweli". Dokta wa hivyo mpeni maua yake.

Sasa kupimwa kweli. Wanakuchoma dawa inaitwa DTPA ambayo imebandikwa chembe za mionzi, teknetiamu-99m. Uzuri wa hii DTPA ni kwamba figo ikikutana nayo haifanyi kingine zaidi ya kuichuja, haiifyonzi kurudisha kwenye damu wala haiisukumi ya ziada kwenye mkojo, kwahiyo kasi yake ya kupotea kwenye damu ndo kasi ya chujio lako. Mionzi yenyewe haitibu wala haifanyi kitu, ni ya kuhesabia tu, mashine inajua imebaki ngapi kwenye damu bila kubahatisha. Zamani kipimo cha rejea kilikuwa inulini, unawekewa dripu masaa na unakusanya mkojo, kipimo kizuri ila mateso. Ulaya wao walizoea kromiamu-51 EDTA mpaka ilipoacha kuzalishwa mwishoni mwa miaka ya 2010, Marekani kuna ya iodini-125. Huku kwetu ni teknetiamu kwa sababu ndo hiyohiyo inayotumika kwenye skani za mifupa na tezi, ipo tayari.

Ipo tayari ikiwa imefika, na hili ndo lalamiko langu la kwanza ambalo kwa kweli sio kosa la mtu pale. Teknetiamu nguvu yake inapungua nusu kila masaa 6, haiwezi kuwekwa stoo. Inakamuliwa asubuhi kutoka kwenye jenereta, kidude kizito cha madini ya risasi chenye molibdenamu-99 ndani, na hiyo molibdenamu nayo inapungua nusu kila masaa 66, kwahiyo jenereta mpya lazima ije kwa ndege mara kwa mara. Molibdenamu yenyewe dunia nzima inatoka kwenye vinu vichache mno, Petten kule Uholanzi, Ubelgiji, Australia, Afrika Kusini wana SAFARI-1 pale Pelindaba, na wachache wengine. 2009 kinu cha Chalk River cha Kanada kilisimama zaidi ya mwaka, Petten nacho kikaingia matengenezo 2010, hospitali za nchi tajiri kabisa zikakosa dawa. Sasa mi nani nilalamike mzigo umechelewa uwanja wa ndege. Ninacholalamika ni kwamba nilikuwa nimeshafika, nimeshaomba ruhusa kazini, nimekaa kwenye benchi asubuhi nzima ndo naambiwa "dawa haijaja, utapigiwa". Si mngenitumia meseji jamani? Namba yangu mnayo, mlinitumia meseji ya kulipa.

Na hao haohao wa mapokezi ndo waliniambia nije na njaa. "Usile chochote kuanzia saa sita usiku." Nimefika nina njaa na kiu, dada wa nuklia ananiuliza umekunywa maji kiasi gani namwambia sijanywa, akashika kichwa. Hiki kipimo hakitaki ukavu! Wanataka uwe umekunywa maji ya kutosha, kifungua kinywa chepesi ruksa, wanachokataza ni mlo mzito wa nyama na kahawa siku hiyo, maana nyama nyingi inaamsha figo zichuje zaidi kwa masaa kadhaa na utapata namba ya sherehe sio namba yako. Yule dada akanipa maji, akanituma nikale mkate, akanirudisha baadae kidogo. Angekuwa mwingine angenifukuza nirudi wiki ijayo.

Basi ndani. Chumba kisafi, AC inafanya kazi, kuna alama ile ya mionzi ya manjano mlangoni na nyaraka za kibali ukutani. Dada (nitamwita dada wa nuklia tu) ni mtu wa taratibu mpaka unaona raha. Aliniuliza urefu akasema hapana simama hapa nikupime, uzito nao hakukubali wa mdomoni. Sindano aliipima mionzi kwenye mashine kabla, akanichoma mkono wa kulia kwenye kanula, akasukuma na maji ya chumvi, alafu ile bomba tupu akarudi nayo kuipima tena ajue kilichobaki ndani ni kiasi gani akitoe kwenye hesabu. Muda akaandika mpaka sekunde. Nikatoa simu nikamwambia dada saa yako ya ukutani iko nyuma dakika mbili, akacheka: "Kaka, hata ikiwa nyuma saa zima, leo tunatumia hiyohiyo mpaka mwisho." Na kweli kila damu aliyochukua aligeuka kuangalia ukutani, simu yake ilikuwa inaita mezani hajaigusa.

Alafu akapiga picha ya pale aliponichoma. Nikamuuliza ya nini, akasema dawa ikivujia kwenye nyama ya mkono badala ya kuingia mshipani, hesabu yote imekufa, bora ajue mapema kuliko kutoa ripoti ya uongo. Hapo ndo nikatulia roho.

Damu zenyewe zinachukuliwa mkono wa pili, usio wa sindano, saa ya pili, ya tatu na ya nne baada ya kuchomwa. Katikati uko huru, unakaa, unakunywa maji, unaenda haja ndogo. Kwa mtu mwenye figo nzuri kiasi cha dawa kwenye damu kinashuka nusu kama kila saa moja na nusu hadi mbili, kwahiyo zile chupa tatu zikiwekwa kwenye grafu zinatoa mstari unaoteremka, mteremko ukiwa mkali figo zinapiga kazi. Kuna sehemu ya mwanzo wanaikosa, ile ambapo dawa bado inasambaa mwilini, kwahiyo kuna marekebisho ya hesabu aliyotoa Brøchner-Mortensen wa Denmark 1972 mpaka leo watu wanayatumia. Alinionyesha kwenye skrini, vidoto vitatu vimekaa kwenye mstari, akasema kimoja kingekaa pembeni angejua kuna kitu hakijaenda sawa.

Sasa hapa sikilizeni vizuri maana ndo pesa yako inapoenda. Sehemu nyingi wakikuambia "GFR ya nuklia" wanamaanisha ya kamera tu, unalala chini ya gama kamera, ile inayosoma mionzi mwilini, dakika kama 20 au 30, mashine inahesabu figo zimenyonya kiasi gani dakika ya pili hadi ya tatu, inakupa namba, kwaheri. Hiyo ni njia ya Gates ya 1982, ya haraka, haina kutobolewa mara nyingi, ila usahihi wake ni mdogo, inategemea figo zako ziko kina gani mgongoni na mtu amechora vipi ile duara kwenye picha. Mi nilifanyiwa vyote viwili siku moja kwa sindano ileile. Kamera ikasema 94. Damu ikasema 108. Mtu wa kamera peke yake angeniacha roho juu juu, 94 na mstari uko 90. Kamera ina kazi yake lakini, ndo inayosema kushoto na kulia zinagawanaje, yangu ilitoka kushoto 52 kulia 48, na hilo daktari wa upasuaji lazima alijue maana kanuni yao ni wewe mtoaji ubaki na ile nzuri zaidi.

Kwahiyo ukipiga simu kuulizia usiulize "mna GFR?" watasema tunayo. Uliza mnachukua damu baada ya sindano au mnapiga picha tu, na damu ngapi. Wakibabaika, tafuta kwingine.

Ile 108 nayo kuna jambo. Ripoti ilikuwa na namba mbili, 126 na 108, mama alipoona akasema ipi sasa. 126 ndo mililita kwa dakika zinazochujwa mwilini mwangu mimi kama nilivyo. 108 imerekebishwa kana kwamba nina eneo la mwili la mita za mraba 1.73, ambalo lilikuwa wastani wa vijana wa Marekani miaka ya 1920, mi langu ni 2.02. Wanafanya hivyo ili mtu mkubwa na mtu mdogo walinganishwe, na zile 90 na 60 za mwongozo ni za namba hii iliyorekebishwa. Ila kwa kichwa changu, kwa sisi tunaotoa figo ingefaa madaktari waeleze zote mbili, maana kitakachobaki baada ya upasuaji kitasafisha huu mwili wa kilo 84, sio wa kijana wa Chicago wa mwaka 1925.

Je 108 ni kawaida? Vitabu vinapenda kusema kijana mzima ana 120 hadi 130, nikawa najiona niko chini. Dokta akanitoa wasiwasi, kuna utafiti wa Uingereza wa 2005 wa watu kama mimi hasa, wazima waliokuja kupimwa ili watoe figo, mamia yao, walipimwa na ile kromiamu EDTA, walio chini ya miaka 40 wastani ukatoka kama 103, baada ya 40 inashuka kama 9 kila miaka 10. Wanaume kwa wanawake hakuna tofauti ya maana ukisharekebisha ukubwa wa mwili. Na hata mtu mmoja ukimpima leo na wiki ijayo namba haitagongana, usiku figo zinapunguza mwendo, mchana zinapandisha, mjamzito ndo zinapanda kwa karibu nusu nzima. Kwahiyo msije mkakaa vijiweni mnashindana mi nina 112 we una 105, hiyo tofauti ni upepo.

Mionzi. Najua ndo swali la wengi, mama yangu mwenyewe aliniita pembeni akasema "mwanangu, na watoto utapata kweli?" Nilimjibu kwa namba. Kipimo cha damu peke yake dozi ndogo tu inatosha, kama megabekereli 10, mwili unapata kama milisivati 0.05. Ukiongeza kamera lazima dozi iwe kubwa, kama 200, inakuja karibu milisivati 1. Wastani wa dunia mtu anapata 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa na anga bila kwenda hospitali yoyote. Baada ya siku moja nzima kilichobaki ni moja ya kumi na sita hata kama usingekojoa, na unakojoa sana. Ulichoambiwa kufanya ni kunywa maji, kwenda chooni mara nyingi, hata mwanaume ukae usisimame ili usirushe, flashi mara mbili, nawa mikono. Mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla ya sindano, sio baada. Usiku ule sikumpakata mtoto wa dada yangu, sio kwamba lazima sana kwa dozi ile, ila kuna ubaya gani.

Speaking ya choo, hapo nyota nusu nyingine ilitaka kuondoka. Choo cha wagonjwa wa nuklia ni kimoja, na mchana maji yalikatika. Kipimo kizima kinakuambia kunywa na ukojoe na flashi mara mbili, flashi nini sasa? Mhudumu akaja na ndoo bila kuambiwa mara mbili nikamshukuru, lakini tanki la akiba ni bei gani jamani kwa hospitali ya hadhi ile.

Ripoti ilisainiwa na daktari wa nuklia, ina njia waliyotumia, muda wa kila damu, namba zote mbili, mgawanyo wa figo na picha. Hiyo ndo ripoti. Bei siweki maana inabadilika na jenereta, ila ni mara nyingi ya kreatinini ya kawaida na bima yangu ilikataa kwa sababu eti siumwi, pambaneni nao mapema waulizeni kama upande wa mpokeaji figo unaweza kubeba gharama za mtoaji, kwetu tulichangishana kwenye grupu la familia. Kama huna presha ya kutoa figo na kreatinini yako haina utata, huhitaji hiki kitu, usiende kuchomwa mionzi kwa sababu umesoma hapa. Ila kama namba yako ya makadirio inapishana na mwili wako, una msuli mwingi au mwembamba sana, au umekatwa mguu, mwambie daktari wako akupeleke. Kuna pia iohexol, dawa ileile ya kung'arisha picha za CT, inafanya kazi hiyohiyo bila mionzi na ndo waliyotumia kule Uganda na Malawi, ukiwa na maabara inayoipima ulizia.

Ushauri wa mwisho kwa wanaoenda pale: epuka apointimenti ya siku mzigo unapotegemewa kutua, omba siku inayofuata, vaa shati la mikono mifupi, beba chupa yako ya maji na kitu cha kusoma, na ukifika mapokezi wakikuambia usile, waombe wampigie dada wa nuklia ndani kwanza.